Tupeane uzoefu: kipanya kisicho na waya kwa kazi za kila siku, ulichaguaje na kimekufaa vipi?

Mwanzisha mada

Habari za muda huu wakuu.

Mtu akiuliza anunue kipanya gani kisicho na waya, mara nyingi hutajiwa kampuni na kuambiwa "chukua hicho, hutajuta". Jibu hilo humfaa aliyelitoa. Mwenye kiganja kikubwa anayeshinda kwenye Excel na mwenye kiganja kidogo anayejisomea maktaba hawawezi kufurahia kipanya kimoja, hata kiwe kimetengenezwa kwa ustadi gani. Ndiyo maana naomba tupeane uzoefu kwa mapana: kazi yako ni ipi, mkono wako ukoje, kipanya chako kinaunganishwaje na kompyuta, na baada ya kukaa nacho muda mrefu umegundua nini ambacho boksi halikusema.

Nianze mimi. Kazi yangu ni kuhariri maandishi. Nafungua faili za kurasa nyingi, napanda na kushuka kutwa nzima, kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokijaribu kwenye kipanya chochote ni gurudumu. Natumia Logitech MX Master 3S kwa sababu gurudumu lake lina hali mbili. Ukilizungusha taratibu linakwenda kwa vituo, mistari michache kila kituo. Ukilisukuma kwa nguvu linaachia na kuzunguka lenyewe, unavuka kurasa nyingi kwa msukumo mmoja. Kidole changu cha shahada kimepumzika kweli. Ni kizito kiasi, gramu 141, lakini mkono wangu ni mkubwa na kinakaa vizuri. Mke wangu akikishika, kidole gumba hakifiki kwenye vitufe vya pembeni mpaka anyanyue kiganja. Hakitaki hata kukisikia.

Jambo ambalo ningependa tulimalize mapema ni DPI, maana ndiyo namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote. DPI ni idadi ya hatua ambazo kipanya kinahesabu kinaposogea inchi moja. Kwa mpangilio wa kawaida wa kompyuta, hatua moja humsogeza mshale pikseli moja, yaani nukta moja ya skrini. Skrini ya Full HD ina pikseli 1,920 kwa upana, kwa hiyo kipanya cha DPI 1,000 kinaivuka yote mkono ukisogea chini ya inchi mbili, karibu sentimita tano. Skrini ya 4K ina pikseli 3,840. Hapo 1,600 au 2,000 inatosha kabisa. Changu kinaweza kufika 8,000, nami nimekiacha kwenye 1,000. Anayeandika barua na kusoma taarifa hana kazi na namba za juu ya hapo, na asizilipie.

Karibuni.

Mhasibu

Asante kwa mada mkuu. Mimi nashinda kwenye Excel, na kilichonipeleka kutafuta kipanya kipya ni bega, wala si kiganja. Bega la kulia lilikuwa linawaka kila ikifika jioni. Nikabadilisha kiti, nikashusha meza, hali ileile. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenionyesha: kibodi yangu ina sehemu ya namba upande wa kulia, na hiyo sehemu inakisukuma kipanya mbali, kiasi kwamba mkono unakaa umetanuka saa zote za kazi.

Sasa mhasibu akikosa sehemu ya namba atafanyaje kazi? Kibodi fupi kwangu haikuwezekana. Nikahamishia kipanya mkono wa kushoto. Namba naingiza kwa kulia, kipanya nakiendesha kwa kushoto, mikono yote miwili ipo karibu na mwili. Mwanzoni mshale ulikuwa unapita kila nilichokilenga, nikapunguza kasi yake kwenye mipangilio, baadaye nikaipandisha kidogo kidogo. Bega limetulia.

Ninachotaka wenzangu wajue ni kwamba uamuzi huu unapunguza sana vipanya unavyoweza kununua. Vile vilivyochongwa kwa mapumziko ya kidole gumba ni vya mkono wa kulia, ukivishika kwa kushoto vinakukataa. Unahitaji chenye pande mbili zinazofanana. Natumia kidogo cha kawaida kabisa, Logitech M185, kisicho na kitufe chochote cha pembeni, kinachotumia betri moja ya AA. Vitufe unaweza kuvibadilisha nafasi ndani ya mipangilio ya Windows ili kidole cha shahada cha kushoto kiwe ndicho kinachobofya. Mimi sikuvibadilisha, kwa sababu kompyuta ya ofisini tunaitumia zaidi ya mtu mmoja.

Mwanzisha mada

Dada, hili la sehemu ya namba sikuwahi kulifikiria. Natazama kibodi yangu sasa hivi.

Fundi wa kompyuta

Nimekuja kuongelea kuunganisha, kwa sababu vipanya vingi ninavyoletewa kuwa "vimekufa" havijafa. Vinashindwa kusikika.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kile kidude cha USB, kipokezi, unachochomeka kwenye kompyuta. Ya pili ni Bluetooth, ambayo haihitaji kuchomeka kitu kama kompyuta yako inayo ndani. Zote mbili hutumia masafa ya redio ya 2.4 GHz, na hapo hapo ndipo Wi-Fi nyingi zinapofanyia kazi. Ni chumba ambacho watu wengi wanaongea kwa wakati mmoja: ukikaa karibu na mwenzako mnasikilizana, akisogea nyuma ya kabati mnaanza kurudiarudia.

Kisa ninachokutana nacho mara kwa mara ni hiki. Mteja anasema mshale unaruka au unaganda, lakini si siku zote. Namuuliza unaganda ukiwa unafanya nini, ananiambia akiwa ananakili mafaili kwenye diski ya nje. Naangalia: diski imechomekwa USB 3.0, na kipokezi cha kipanya kiko tundu la jirani. Jambo hili linajulikana. Mwaka 2012 Intel walitoa waraka unaoeleza kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz, na kwamba kipokezi kilicho karibu kinaweza kuzidiwa. Dawa yake haihitaji kununua kipanya kingine. Hamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu, au kitumie na waya mfupi wa kurefushia USB kikae juu ya meza karibu na mkono. Kwa kompyuta ya mezani, usikichomeke nyuma ya boksi la chuma. Kilete tundu la mbele. Nimewarudishia watu wengi vipanya vyao kwa kuhamisha kidude tu.

Bluetooth nayo ina tabia zake. Kipanya kikikaa bila kuguswa hulala ili kuokoa betri, na kikiamshwa huchukua muda kidogo kuungana tena. Mwenye subira haoni tatizo. Lakini kuna jambo kubwa zaidi: kwenye kompyuta nyingi, Bluetooth haifanyi kazi mpaka mfumo wenyewe uwake. Ukitaka kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, au unaweka Windows upya, kipanya cha Bluetooth hakitakusaidia, wakati chenye kipokezi kitafanya kazi kwa sababu kompyuta inakiona kuwa ni kipanya cha USB cha kawaida. Ndiyo maana huwa nawashauri watu wasitupe kipanya cha waya cha zamani.

Kuhusu kipokezi kupotea: vipanya vingi vya bei ya chini vimefungwa na kipokezi chake tangu kiwandani. Kikipotea, kipanya kizima umekipoteza. Baadhi ya kampuni zina kipokezi kinachoweza kuunganishwa upya. Logitech walileta kile wanachokiita Unifying mwaka 2009, kimoja kinabeba vifaa hadi sita, na mwaka 2021 wakaleta kingine kiitwacho Logi Bolt. Havielewani: kipanya cha Bolt hakikubali kipokezi cha Unifying, wala kinyume chake. Angalia alama iliyochorwa kwenye kidude na chini ya kipanya kabla hujanunua cha akiba.

Mtumishi wa ofisi

Fundi, umenitatulia shida leo hii hii. Kipokezi changu kilikuwa kimebanana na diski. Nimekihamisha, mshale umetulia.

Mkufunzi

Mimi nafundisha, na nusu ya muda wangu napita kwenye vyumba ambavyo watu wengine wanafanya mitihani au wanasoma. Kwangu sauti ya kubofya ndiyo iliyoamua. Kipanya cha kawaida kinasikika chumba kizima kukiwa kimya, na ukirekodi somo kwa maikrofoni ya laptopu, kila bofyo linaingia kwenye sauti.

Vipo vilivyotengenezwa kuwa kimya, kwenye boksi huandikwa "silent". Nilichonunua ni Logitech M331. Kitufe kinashuka, unakisikia kwa kidole, mwenzako hasikii kitu. Ila watu wafahamu kwamba gurudumu ni jambo jingine. Kipanya kinaweza kuwa na vitufe vya kimya na gurudumu linalokwaruza, kwa hiyo ukiwa dukani zungusha gurudumu karibu na sikio, usiishie kwenye kubofya. Na wapo wasiopenda kabisa mbofyo wa kimya. Wanasema hawana hakika kama wamebofya. Mpe mtu akijaribu kwanza.

Kingine, kwa wanaosafiri nacho kwenye begi. Hakikisha kuna swichi ya kuzima kwa chini. Kipanya kisichozimwa huamka kila begi linapotikisika, na betri inaisha bila kufanya kazi yoyote. Hakikisha pia kuna kijumba cha kuhifadhia kipokezi, ndani ya mfuniko wa betri au chini ya kipanya. Mimi kipokezi hakikai kwenye laptopu nikitembea. Nimeona zaidi ya mtu mmoja akiharibu tundu la USB kwa sababu laptopu iligonga kitu kipokezi kikiwa kimechomekwa.

Mbunifu wa michoro

Wengi wameongelea mkono, mimi niongelee meza.

Meza yangu ya kazi ina kioo juu. Kipanya cha mwanga hupiga picha ndogo ndogo za uso kilipo, kwa kasi kubwa, kisha kinalinganisha picha moja na inayofuata ili kujua kimesogea wapi. Kioo kisafi hakina cha kupigwa picha. Mwanga unapenya, picha zote zinafanana, mshale unabaki palepale au unarukaruka. Meza nyeupe inayong'aa sana nayo husumbua. Vipo vinavyoweza kioo: Logitech wana teknolojia waliyoiita Darkfield tangu 2009, inayosoma hata chembe na mikwaruzo midogo, na wao wenyewe wanataja kioo cha unene wa angalau milimita 4. Ninacho kimoja na kinafanya kazi vizuri juu ya kioo. Lakini nikiwa na kazi ya kuchora mistari myembamba bado natandika mkeka wa kitambaa, kwa sababu kioo kinashika kiganja na mkono hautelezi sawasawa. Kama tatizo lako ni meza peke yake, mkeka utakugharimu kidogo kuliko kipanya kipya.

Uzito nao uangaliwe. Betri moja ya AA ya alkali ina karibu gramu 23. Kipanya cha betri mbili kinabeba karibu gramu 46 za betri tu. Baadhi ya vipanya vya betri mbili vinakubali kufanya kazi kwa moja, unapunguza uzito na unabadilisha mara nyingi zaidi. Betri ya AA ya lithiamu, ile isiyochajiwa, ina karibu gramu 15. Mimi napenda kipanya chepesi kwa sababu nakinyanyua na kukirudisha nyuma mara nyingi nikichora. Anayeandika hatajali.

Kuna anayejiuliza kuhusu Hz? Vipanya vya ofisini huripoti mahali vilipo mara 125 kwa sekunde au karibu na hapo, yaani kila baada ya milisekunde 8. Vya michezo hufika 1,000 na zaidi. Nimetumia vyote kwenye kuchora na sikuona sababu ya kulipia tofauti hiyo.

Mwanzisha mada

Naomba niulize wote kwa pamoja: betri za AA au ya kuchaji ya ndani? Hapa nyumbani tumebishana.

Mkufunzi

AA. Ikiisha katikati ya somo nabadilisha hapo hapo naendelea. Natumia zile za kuchaji za NiMH. Zina volti 1.2 badala ya 1.5 za alkali, kwa hiyo kipimo cha betri kwenye kompyuta kinaweza kuonyesha kwamba inakaribia kuisha hata kama imejaa. Isikutishe.

Mbunifu wa michoro

Ya ndani. Nimechoka kutafuta betri kwenye droo.

Fundi wa kompyuta

Zote zina njia yake ya kufa. Betri za alkali zikiachwa ndani ya kipanya kisichotumika huvuja, na kile kimiminika hula vibati vya chuma. Vikishaliwa kidogo unaweza kuvisafisha, vikishaliwa sana basi tena. Kipanya unachokiweka kabatini, toa betri.

Ya lithiamu ya ndani huchoka kila mwaka unavyopita, na swali ni kama mfuniko unafunguka kwa skrubu au umegandishwa kwa gundi. Wengi hawaulizi hilo dukani. Angalia pia tundu la kuchaji liko wapi. Likiwa mbele, unachomeka waya na kuendelea na kazi. Magic Mouse ya Apple, tangu toleo la 2015, huchajiwa kwa chini, na hata ile ya 2024 iliyohamia USB-C tundu limebaki chini, kwa hiyo ikiwa kwenye chaji huwezi kuitumia. Anayeipenda kwa ajili ya uso wake wa kugusa ajipange kuichaji wakati amepumzika.

Kwa mtu wa kawaida mwenye matumizi ya kawaida, mimi napendekeza AA. Miaka mitano ijayo bado itauzwa.

Aliyeumwa kifundo cha mkono

Nimesoma yote kwa makini, na nataka kuongea na wale ambao mkono umeanza kuwauma, kwa sababu nilipitia hapo.

Ganzi kwenye vidole, kisha maumivu ya kifundo upande wa kidole gumba. Jambo la kwanza, nendeni kwa daktari. Kipanya hakitibu. Daktari wangu ndiye aliyenieleza kwamba kiganja kikilala kifudifudi, mifupa miwili ya mkono wa chini inapishana, na kukaa hivyo siku nzima huku kifundo kimekunjwa kunaweza kuleta shida. Baada ya matibabu ndipo nikaanza kutafuta kipanya cha wima, kile unachokishika ukiwa umeelekeza mkono namna ya kumsalimia mtu.

Nilianza na kimoja kirefu mno. Kilikuwa kizuri kwa kifundo, lakini vidole vyangu havikufika mbele ya vitufe, nikawa nabofya kwa kati ya kidole badala ya ncha, na maumivu yakahamia kwenye vidole. Vipanya vya wima ukubwa wake una maana zaidi kuliko vya kawaida, kwa kuwa huwezi kukirekebisha kwa kusogeza kiganja nyuma. Pima kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Ukiwa chini ya sentimita 17 hivi tafuta kilichoandikwa ni kidogo. Logitech MX Vertical, ambacho kimeinama nyuzi 57, kilikuwa kikubwa kwangu. Kaka yangu anakitumia na anakifurahia. Mimi nilihamia kile chao kidogo zaidi, Lift, ambacho kina toleo la mkono wa kushoto pia. Hapo ndipo nilipopata amani.

Kuzoea kunachukua muda. Kubofya kunasukuma kipanya pembeni badala ya chini, kwa hiyo mshale unateleza kwenye vitu vidogo. Ongezeni ukubwa wa maandishi kwenye skrini wakati mnajifunza. Na mkono usiegemee kifundo mezani; endesheni kutoka kwenye kiwiko.

Nilijaribu pia kile cha mpira unaozungushwa kwa kidole gumba, kipanya chenyewe hakisogei. Meza yangu ni ndogo na nilikipenda kwa hilo. Kidole gumba changu hakikukipenda. Kwa mwenye gumba zima na nafasi finyu, ni kifaa kizuri sana.

Mwanzisha mada

Pole sana ndugu yetu, na asante kwa kueleza kwa utulivu. Inafaa kukumbuka kwamba kipanya cha kwanza, kile cha Douglas Engelbart na Bill English cha mwaka 1964, kilikuwa kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili kwa chini. Kazi ya kutafuta umbo linaloufaa mkono imekuja baadaye, na bado inaendelea.

Binti wa mzee mmoja

Wakuu, mimi nilimnunulia baba. Ana miaka mingi, mkono unatetemeka kidogo, na anataka kusoma magazeti na kuandika barua pepe kwa wajukuu. Padi ya laptopu ilimshinda, akiigusa tu mshale umekimbia.

Kwake nilichagua kinyume cha wengi humu: kizito kidogo, kipana, vitufe vigumu kiasi ili kidole kikipumzika kisibofye. Hakuna vitufe vya pembeni, maana kile cha "rudi nyuma" kilikuwa kinamtoa kwenye ukurasa alipokuwa anasoma. Kisha nikakaa kwenye mipangilio. Nikapunguza kasi ya mshale, nikaukuza na kuupa rangi ya kuonekana, na nikaongeza muda unaoruhusiwa kati ya bofyo la kwanza na la pili. Hilo la mwisho ndilo lililomfungulia njia. Alikuwa anabofya mara mbili vizuri tu, ila polepole, na kompyuta ilikuwa inahesabu kuwa ni mabofyo mawili ya mbalimbali.

Kipokezi nilikichomeka na sikukigusa tena. Bluetooth nisingemwekea baba, kwa sababu ikikatika hakuna wa kumuunganishia.

Mtumiaji wa Linux

Mchango mfupi. Kama unatumia Linux, vitufe viwili na gurudumu vitafanya kazi kwenye kipanya chochote. Shida ni vitufe vya ziada, kwa sababu programu za kampuni nyingi ni za Windows na macOS pekee. Kwa vipanya vya Logitech ipo programu huria iitwayo Solaar: inaunganisha kipanya na kipokezi, inaonyesha betri, na inabadilisha baadhi ya mipangilio. Vinginevyo tafuta kipanya kinachohifadhi mipangilio yake ndani yake chenyewe, ukipange kwenye kompyuta ya mwenzako mara moja, basi.

Na usalama: mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walitangaza udhaifu waliouita MouseJack. Vipokezi vya kampuni kadhaa, visivyo vya Bluetooth, vilikubali mawasiliano ya kipanya yasiyofichwa kwa msimbo, hivyo mtu aliye karibu aliweza kuingiza herufi kwenye kompyuta yako kana kwamba ni kibodi. Ukiwa na kipokezi cha miaka ile, angalia kama mtengenezaji ametoa sasisho. Kwenye ofisi yenye siri za watu hili si jambo dogo.

Mtumishi wa ofisi

Changu kimeanza kubofya mara mbili nikibofya mara moja. Faili linafunguka sijaliomba. Ni betri?

Fundi wa kompyuta

Jaribu betri mpya kwanza, lakini inaelekea ni swichi. Chini ya kila kitufe kuna swichi ndogo yenye kibati chembamba cha chuma kinachogusana na kingine. Kikichakaa au kikishika kutu, mguso unakuwa wa kusitasita, na kompyuta inahesabu mibofyo miwili. Kwa kutazama: ukishikilia na kuburuta faili, linadondoka njiani? Basi ni yenyewe. Swichi zinauzwa na hubadilishwa kwa kulehemu, kazi fupi kwa mwenye zana. Kwa kipanya cha bei ndogo haina faida, kwa kile cha mhariri wetu hapo juu ina faida. Kabla ya kufungua ujue kwamba skrubu mara nyingi zimefichwa chini ya zile nyayo nyeusi za kutelezea, na ukizibandua vibaya hazirudi sawasawa. Nunua za akiba mapema.

Mwanafunzi

Shikamooni. Nimesoma tangu mwanzo. Laptopu yangu ina matundu mawili tu ya USB, moja ni la flashi na jingine la kibodi. Nasomea maktaba, mkono wangu ni mdogo, na kazi ni kuandika na kusoma PDF. Nichukue cha namna gani?

Mkufunzi

Marahaba. Cha kimya, hilo halina mjadala.

Aliyeumwa kifundo cha mkono

Kidogo, lakini si chembamba mno. Vile bapa vya kutia mfukoni havijazi kiganja, vidole vinabaki vimekakamaa vikikishikilia. Kiwe na mgongo ulioinuka kidogo.

Fundi wa kompyuta

Bluetooth, kwa sababu ya matundu. Angalia kwanza Bluetooth ya laptopu yako ni toleo gani. Vipanya vingi vya sasa vinataka 4.0 au zaidi. Ukipata kinachokubali Bluetooth na kipokezi vyote viwili, chukua hicho, kipokezi kikae ndani ya kijumba chake mpaka siku ya kuweka Windows upya. Betri ya AA. Na siku ya kununua nenda na laptopu, ukiunganishe hapo hapo, ufungue PDF ndefu na uisome kurasa kadhaa kabla hujatoka dukani.